Dhamana ikirudishwa, huingia wapi? Uzoefu wangu na shirika moja la haki za binadamu Nairobi

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama huku Umoja, kwa hivyo mtanisamehe nikizungumza risiti. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, kijana wa mwenzetu alikamatwa mjini. Shirika moja likamtafutia wakili na kumlipia dhamana ya pesa taslimu pale Mahakama ya Milimani. Baadaye wanachama wakapendekeza tuwe tunalichangia shilingi 3,000 kila mwezi. Nikasema sawa, ila kwanza nione vitabu vyao. Wawili walininunia.

Kwenye tovuti, picha tele, hesabu hakuna. Ripoti ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, na matumizi yamechorwa duara la rangi lenye asilimia tupu. Asilimia ya shilingi ngapi? Niliandika barua pepe mbili, kimya. Nikapanda matatu hadi ofisini kwao Kilimani.

Huko mambo yalikuwa tofauti. Mhasibu, kijana mpole, alinikaribisha chai, akaniwekea mezani ripoti nzima ya ukaguzi na kuniacha nisome. Kampuni iliyokagua nikaitafuta kwa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, ipo. Cheti cha msamaha wa kodi cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hakikuwa kimepitwa na muda. Mfadhili wao mkubwa ni wakfu wa Marekani, na kule wakfu wa kibinafsi hulazimika kujaza fomu ya kodi, 990-PF, inayotaja ruzuku zote ambazo wakfu huo umetoa. Yeyote anaweza kuisoma bure mtandaoni. Nililinganisha. Tofauti ilikuwa ndogo tu, ya kubadilisha dola.

Mishahara ilikuwa zaidi ya nusu ya matumizi. Mwenzangu niliyeenda naye akanifinya paja, lakini mimi sikushtuka. Hawa hawachimbi visima. Kazi yao ni wakili kusimama kortini na mtu wa kupokea simu saa nane za usiku, na wote hao hula mshahara. Kilichonikera ni mstari wa “warsha na mikutano”, mnono, hauna maelezo. Nikauliza zilifanyika wapi. Naivasha, kwenye mahoteli ya kando ya ziwa. Haya.

Halafu nikafika kwenye dhamana. Zote zimeandikwa kama matumizi! Dhamana si matumizi. Mshtakiwa akihudhuria kesi mpaka iishe, korti humrudishia pesa aliyeiweka, yule mwenye jina kwenye risiti. Kesi ya kijana wetu iliondolewa zamani. Nikapekua mizania, ile orodha ya mali na madeni, hakuna amana zilizo mahakamani. Nikapekua mapato, hakuna marejesho.

“Kijana wangu, zikirudi mnaziweka wapi?”

Akafungua kabati, akatoa faili la risiti zilizobanwa kwa pini, nyingine wino umefifia. Nyingi zina majina ya mawakili na wafanyakazi, baadhi yao walishaacha kazi. “Mama, zikirudi tunalipia wengine. Hatuziandiki tena.”

Wizi sikuuona. Niliona tundu ambalo mwizi angepita bila kuinama. Sisi kwenye chama tunaandika hata faini ya shilingi 50 ya kuchelewa mkutano. Nikamchorea safu kwenye karatasi: nambari ya kesi, jina la risiti, kiasi, tarehe ya kurudi.

Wiki mbili baadaye mkurugenzi alinipigia mwenyewe, kisha akanitumia jedwali la kurasa mbili. Risiti 11 bado hawajui pesa zake ziko wapi, na wameziandika hivyo hivyo, “haijulikani”. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko sahihi ya mkaguzi.

Tovuti naipa nyota moja. Vitabu, tatu. Ukienda ofisini mwenyewe, nne. Tumeanza na shilingi 1,500, kwa Paybill, nambari ya malipo ya M-Pesa, yenye jina la shirika. Nambari ya simu ya afisa tuliyopewa mwanzoni nilikataa. Hiyo 1,500 nyingine inangoja: risiti ya kijana wetu ni mojawapo ya zile 11.