Bodi ya faiba ya Speedster juu ya chesisi ya Beetle: tathmini yangu baada ya kuijenga na kuiandaa kwa rangi nyumbani, Sakina, Arusha

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: bodi ni nzuri kuliko nilivyotarajia, vifaa vidogo vilivyokuja nayo ni vya wastani, na kurasa za rangi kwenye mwongozo wake hazifai kufuatwa hapa Arusha. Ukitaka kununua seti ya namna hii, bajeti ya rangi iandike kwanza kwenye daftari, kabla ya ushuru na kabla ya matairi.

Mimi ni dereva wa utalii. Masika yakianza wageni hupungua, na dereva anabaki nyumbani wiki nyingi mfululizo. Gari hili kwa sehemu kubwa limejengwa katika majira hayo, chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Chini ni Volkswagen Beetle ya baba yangu mdogo, iliyolala miaka mingi kwa sababu bodi ilishaliwa na kutu, ingawa chesisi ilikuwa bado na nguvu zake. Juu ni bodi ya faiba ya mtindo wa Porsche 356 Speedster, kutoka karakana ndogo ya Uingereza.

Wanaoniuliza kwa nini nimeweka umbo la Porsche juu ya Beetle nawajibu kwamba magari hayo ni ndugu wa damu. Beetle ilibuniwa na Ferdinand Porsche. Mwanawe, Ferry, alipotoa gari la kwanza lenye jina la ukoo wao mwaka 1948, huko Gmünd nchini Austria, alitumia vipande vingi vya Volkswagen. Speedster ilikuja mwaka 1954, baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, kudai gari la wazi, jepesi, lisilofika dola 3,000. Injini iko nyuma, silinda nne zimelala, inapozwa kwa hewa, kama ya Beetle ya baba mdogo. Na kwa kuwa Beetle ziliendelea kuundwa Mexico hadi mwaka 2003, zikapita milioni 21, vipuri vyake bado vinapatikana. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuchagua seti hii na kuacha zile za mtindo wa Lotus Seven, gari dogo la wazi la Kiingereza, ambazo ningelazimika kutafutia kila kitu nje.

Seti ina bodi iliyokwisha unganishwa, milango, boneti, kifuniko cha injini, dashibodi, fremu ya kioo cha mbele, na boksi la bawaba, taa na raba. Injini, giaboksi, usukani, breki na magurudumu unavitoa kwenye Beetle. Kwenye bodi walifanya kazi ya heshima. Nilipitisha kiganja ndani ya vizingiti nikakuta mabomba ya chuma yamelazwa ndani ya faiba kuanzia mbele hadi nyuma, na unene wa kingo ni sawa pande zote mbili. Mwanya wa mlango wa kushoto na wa kulia haukutofautiana kwa jicho. Nimeona paa za faiba za magari ya utalii zilizotengenezwa kwa haraka, najua kazi mbovu inavyofanana, na hii haikuwa hivyo. Bawaba za milango ndizo zilizoniudhi: chuma laini, pini nyembamba. Nilichongesha nyingine kwa fundi wa mashine ya kukerezea na sasa mlango unafungwa kwa sauti ya mlango.

Kazi nzito ya kwanza ni kufupisha chesisi. Beetle ina milimita 2,400 kati ya ekseli na ekseli. 356 ina 2,100. Kwa hiyo karibu sentimita 30 za sakafu zinakatwa, na siyo sakafu peke yake: fimbo ya gia iliyo ndani ya uti wa katikati nayo inakatwa na kuungwa, na mipira ya nyaya za klachi, mafuta na breki ya mkono inafupishwa kwa kipimo hicho hicho. Mwongozo unaeleza sehemu hii vizuri sana, picha kwa picha. Na hapa Arusha una bahati ambayo mnunuzi wa Ulaya hana. Mafundi wetu wa bodi wanakata Land Cruiser na kuzirefusha kila wiki ili zibebe watalii wengi zaidi. Kupima pembe kwa pembe kabla ya kuchomelea ni mkate wao wa kila siku. Nilipeleka chesisi mtaa wa Unga Limited ikarudi imenyooka. Sitakushauri uchomelee mwenyewe nyumbani, hata kama unajua kushika mashine. Hiki ndicho kipande kinachobeba maisha yako.

Umeme una jambo moja ambalo mwongozo umelitaja kwa sentensi moja tu, na linastahili ukurasa. Faiba haipitishi umeme. Kwenye gari la bati, taa inapata negativu kupitia bodi yenyewe. Hapa kila taa, honi na geji ya mafuta inahitaji waya wake wa kurudi kwenye chesisi. Nunua waya mweusi wa kutosha tangu mwanzo, uviunganishe vyote kwenye vituo viwili, mbele na nyuma, na uvipake grisi.

Sasa rangi.

Bodi ya faiba hutolewa kwenye kalibu iliyopakwa nta ili isigande. Nta hiyo inabaki juu ya gelkoti, yaani tabaka la nje la faiba, haionekani wala haisikiki kwa kidole. Mwongozo unasema upige msasa kisha praima, yaani rangi ya msingi. Mzee anayefanya faiba za magari ya utalii, ambaye nilimwita aje aiangalie kabla sijagusa chochote, alinikataza kabisa. “Mwanangu, ukianza na msasa unaizika nta ndani ya mikwaruzo. Safisha kwanza. Nta haionekani mpaka upake rangi, na hapo utakuwa umechelewa.” Tukaisafisha kwa dawa ya kuondoa nta na grisi, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta, tukibadilisha vitambaa mara kwa mara, na baada ya hapo ndipo msasa wa 180 na 240 ulipoingia. Rangi haikufunguka popote, hakuna hata jicho moja la samaki, vile vishimo ambavyo nta huacha kwenye rangi.

Jambo la pili alilosisitiza ni jua. Faiba mpya inaendelea kukauka na kusinyaa muda mrefu baada ya kutoka kwenye kalibu. Ukiipiga rangi mapema, baada ya miezi kadhaa nyuzi za mkeka wa faiba zinachapika juu ya rangi, hasa rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva inayovuta joto. Kwa hiyo bodi ilikaa nje, ikigeuzwa upande huu na huu, kiangazi kizima. Majirani walidhani nimekata tamaa. Vitundu vya sindano kwenye kona za taa vilianza kujionyesha vyenyewe. Tulivifungua kwa ncha ya kisu na kuvijaza poti (udongo wa kuzibia), maana ukivifunika tu, hewa iliyomo ndani inapanuka kwa joto na kuirusha rangi juu. Kwa sababu hiyo hiyo nilichagua rangi ya pembe ya ndovu. Inatulia juani, na inafanana na miaka yake.

Poti, msasa, praima nene, msasa tena. Katikati yake nilipuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima, kisha nikasugua kwa ubao mrefu: palipobaki peusi pana bonde. Hatua hii usiiruke kwenye boneti ya gari hili, kwa sababu Speedster haina mstari ulionyooka hata mmoja wa kuficha kosa. Ni mviringo unaoingia kwenye mviringo mwingine, na mwanga wa asubuhi unasoma kila kitu.

Mwongozo unashauri rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadna (dawa ya kuifanya igande), na unaeleza kwamba unaweza kuipuliza nyumbani ukiwa na barakoa ya mkaa. Hapa nitasema kwa ukali: usifanye hivyo. Hadna ya 2K ina kemikali iitwayo isosianeti. Inaharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu, na huwezi kutegemea pua ikuonye, kwa sababu harufu huja wakati kiwango tayari kimeshakuwa cha hatari. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba, suti, glovu, na watu wengine wawe mbali. Nina watoto wanaocheza nyuma ya banda hilo. Hatua zote za kusugua nilizifanya nyumbani, nikiwa na barakoa ya vumbi na maji ya kutuliza ungaunga, lakini praima ya hadna na rangi ya mwisho zilipulizwa kwenye chumba cha rangi cha karakana moja yenye feni, vichujio na barakoa ya hewa. Nililipia chumba na fundi kwa pamoja, na katika gharama zote za gari hili ndiyo fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe kabisa.

Majira nayo yana neno. Mwongozo umeandikwa na mtu anayesubiri miezi ya kati ya mwaka ili apate joto. Kwetu Juni na Julai ni ukungu na baridi. Asubuhi za Sakina zinashuka chini ya nyuzi 15, na hapo 2K inakawia mno kukauka. Masika hewa imejaa maji, na kompresa inayakusanya na kuyatema kwenye rangi kama huna chujio la maji karibu na gani ya kupulizia. Mimi nilipiga rangi Februari, kukiwa kukavu na joto, fundi akatumia tina (kimiminika cha kulainisha rangi) ya kukauka polepole ili rangi ipate muda wa kutambaa na kulala. Sakafu ilimwagiwa maji kwanza kushika vumbi.

Rangi yenyewe nilichanganyiwa mjini, kwenye duka lenye mashine ya fomula. Nunua lita zote siku moja kutoka mchanganyiko mmoja, na karatasi ya fomula uitunze pamoja na kadi ya gari. Kadi nayo usiisahau: bodi na rangi vikibadilika, TRA, mamlaka ya mapato, wanatakiwa wajue.

Barabarani ni raha tupu. Injini ni 1600, na hapa tuko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu inapotea na kabureta inataka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo kidogo. Kwenye njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru haihitaji zaidi ya hapo. Matuta ndiyo yanayotaka adabu. Nilipandisha mbele kidogo kuliko picha za katalogi, na naona imependeza zaidi.

Ningeinunua tena? Bodi, ndiyo, bila kusita, kwa mtu mwenye Beetle yenye kadi halali na chesisi nzima. Asiye na Beetle asianze na bodi, aanze kutafuta chesisi. Na unapoagiza, ongeza seti ya pili ya raba za milango na kioo cha mbele cha akiba kwenye kreti hiyo hiyo, kwa sababu hivyo viwili sikuvipata Arusha, Moshi wala Dar.