Gauni la sinema kwa kitenge cha Kiyembe: fundi wangu nampa 9 kwa 10

Wacha niandike hii maana tangu harusi ya binamu yangu kila dada ananiuliza lile gauni la kola ndefu nimelinunua wapi. Sikununua jamani, nimeshonewa, hapa hapa Kampala, Kiyembe kwenye mitaa ya vitambaa, kwa mama mmoja ana cherehani yake ghorofani juu ya maduka ya vitambaa. Wazo lenyewe nililitoa kwenye sinema.

Sinema ni ya Wong Kar-wai, In the Mood for Love, ya mwaka 2000. Kwenye vibanda vyetu vya video sijawahi kuikuta, haina mapigano, ni majirani wawili tu Hong Kong mwaka 1962 wanapishana kwenye ngazi wakienda kununua chakula. Lakini nguo! Mwigizaji Maggie Cheung anavaa cheongsam, yale magauni ya Kichina ya kubana yenye kola ya kusimama, moja baada ya nyingine, hakuna anayekwambia siku imepita, unaona gauni limebadilika unajua kumekucha tena. Kola imesimama mpaka karibu na taya, mikono mifupi, kiuno kimeshikwa, na kitambaa kimejaa maua makubwa makubwa, sasa mi nikayaangalia yale maua nikasema hee, mbona hiki ni kama kitenge! Halafu 1962 ndio mwaka Uganda ilipata uhuru, na bibi yangu ana picha ya miaka ile amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda, mabega yamechongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mkanda umefungwa chini ya kiuno. Nikaziweka hizo picha mbili pamoja kwenye simu, nikakaa nazo muda mrefu. Mmoja ameanzia urembo shingoni, mwingine mabegani, lakini wote wawili wamesimama vilevile, wamejikaza, hakuna wa kuwaharakisha.

Nilianza vibaya lakini. Kuna duka moja la kwenye mall niliingia nikakuta cheongsam iliyoshonwa tayari, ya kung'aa, shilingi za Uganda laki mbili na themanini elfu, nikalipa. Siku ya kwanza tu napanda boda mpasuo ukachanika mpaka pajani, na nilivyorudisha wakaniambia wao hawabadilishi. Iliniuma sana, hela ya mwezi mzima nilikuwa naiweka kidogo kidogo.

Ndio rafiki yangu akanipeleka kwa huyu mama. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaikuza, akaangalia kola, akaangalia mgongo, hata tepu hajashika. Swali la kwanza akaniuliza, "Nyabo (yaani bibie), kazini unaenda na nini?" Nikamwambia boda. "Basi nitakupima umekaa." Akanipa kigoda, akanipima hipsi na mapaja nikiwa nimekaa, halafu akanisimamisha akapima tena. Mi nimeshonewa nguo tangu utotoni na sijawahi kuona fundi akifanya hivyo! Yule mwanamke wa kwenye sinema anatembea polepole mbele ya kamera, mi nashuka stendi ya Old Taxi Park napita kwenye matope, sasa lazima gauni lijue hilo. Mipasuo ya pembeni akaifupisha na kule nyuma akaweka mkunjo unaofunguka nikipanda, nikishuka unajifunga wenyewe, wala huoni kitu.

Kitenge nilinunua chini hapo hapo, yadi sita elfu 45, akaniambia nenda kakifue kwanza, kirudi kikiwa kimeshasinyaa chote, maana cha pamba kikisinyaa baada ya kushonwa kola itakukaba. Na kabla ya kukata alikizungusha kitambaa mezani kama nusu saa nzima, hataki zipu ipite katikati ya ua. Ua kubwa likakaa upande wa kushoto wa kifua, pale pale vifungo vya gomesi vinapokaa. Sikumwomba hilo, alifanya mwenyewe, na ndio kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hilo gauni.

Bitana elfu 12, ufundi elfu 55. Jumla laki moja na elfu 12, na zimebaki yadi kama mbili na nusu nimefungia kilemba.

Kilichonipunguzia ile alama moja ni muda. Alisema Alhamisi, nikapata Jumatatu, na kola ya kwanza ilikuwa ndefu mno nilikuwa siwezi kuinama kuangalia sahani, akaipunguza bila kuniongezea hela. Kwa hiyo kama una sherehe mpe wiki mbili kabisa, na usiende Ijumaa, kule juu panajaa watu wa kwanjula, zile sherehe za utambulisho kabla ya harusi, wanaogombania nguo zao.

Kama mfuko hauruhusu kushona, nendeni soko la Owino kwenye mivumba, yaani mitumba, asubuhi wanapofungua marobota. Mi nilienda na picha ya Diane Keaton kwenye Annie Hall ya mwaka 1977, ile kizibao cha kiume, tai na suruali pana, nikaenda moja kwa moja upande wa nguo za wanaume, kizibao elfu 5, tai elfu 2. Mabega nikapunguziwa na fundi yuleyule. Nenda na picha moja tu lakini, ukienda na kumi utarudi na mfuko wa nguo ambazo hazisalimiani.

Na wanaotaka mavazi ya Wakanda, ya ile sinema ya Black Panther, kwenye kwanjula, sikilizeni, mbunifu wa mavazi Ruth Carter alipata Oscar mwaka 2019 kwa kazi ile na kofia ya malkia Ramonda ilitengenezwa kwa printa ya 3D, msimsumbue fundi wa watu nayo. Chukueni rangi. Angalieni Lupita Nyong'o pale akiigiza Nakia, kijani juu ya kijani, kila mara unajua ni yeye hata akiwa mbali. Kijani cha namna hiyo kipo Kiyembe, nimekiona, kitambaa kizito kinaanguka vizuri, na yadi tatu nimeshamwachia yule mama tangu juzi. Kigoda alishakivuta kabla sijamwambia nataka nini.