Plastiki nyeusi za gari zimepauka? Dawa za kununua, nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kutupa

Gari nyingi za Japani hapa Dar utakuta injini nzima, rangi bado inang'aa, ila ukishusha macho kwenye zile sehemu ambazo kiwandani hazikupakwa rangi, bampa la Probox, matao ya fenda ya Subaru XV, zile za ubavuni kwenye X-Trail, na ile ya chini ya waipa ndo balaa kabisa, zote kijivu na nyingine zinaelekea weupe. Mnunuzi akija cha kwanza anaona hizo, anaanza kukushusha bei wakati gari halina tatizo lolote.

Madukani chupa zimejaa, Kariakoo zipo, Ilala zipo, taa za barabarani wanakupitishia dirishani, na kila moja imeandikwa inarudisha weusi. Na wala hawadanganyi, zote zinarudisha. Cha kumuuliza muuzaji ni kimoja tu, huo weusi unakaa mvua ngapi? Mimi ndo nimezipanga hivyo hapa, kwa mvua, sio kwa bei ya chupa, maana chupa ya buku tano unayopaka kila jumamosi kwa mwaka mzima ndo chupa ghali kuliko zote.

Kwanza tuelewane kinachotokea, ukishakielewa hata usiposoma mbele utajua cha kununua. Plastiki yenyewe mara nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na kitu cha jamii ya mpira, siku ukivua bampa chungulia kwa ndani utaona muhuri mdogo umeandikwa PP+EPDM au herufi zinazofanana na hizo. Weusi wake ni masizi ya kiwandani yaliyochanganywa humohumo ndani. Masizi hayapauki. Kinachokufa ni ile plastiki ya juujuu inayoyashika, jua lina mionzi ya UV inayokata ile plastiki taratibu, ngozi ya juu inaota vijiufa ambavyo kwa macho huvioni, inageuka unga, alafu mwanga ukigonga pale unatawanyika, jicho linaona kijivu. Ndo maana ukimwagia maji panakuwa peusi ghafla, maji yameziba vijiufa, yakikauka kijivu kinarudi kulekule. Mafuta na silikoni vinafanya hivyohivyo kama maji, tofauti ni kwamba vinachelewa kuondoka. Na sisi tupo karibu na ikweta, jua la saa sita linapiga karibu wima juu ya gari, kwaio vile vinavyotazama juu kama plastiki ya chini ya waipa na reli za juu ya paa vinakufa kabla ya bampa.

Kabla hujatoa hela pima. Osha kipande kidogo kwa sabuni, kausha, alafu pitisha kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na unga wa kijivu, ngozi ya juu imeshakufa na inabidi uisugue itoke kabla ya dawa yoyote. Dondosha na tone la maji, likisimama kama shanga plastiki bado ina uhai au kuna dawa ya zamani imebaki, likinywewa na kuacha doa jeusi basi iko wazi, ina kiu.

NAMBA MOJA: koti ya seramiki ya plastiki

Hapa naongelea vitu kama Cerakote Ceramic Trim Coat, Gtechniq C4 na CarPro DLUX. Hizi hazilali juu kama mafuta, zinakauka na kuwa ngumu, zinaacha ngozi mpya nyembamba inayojaza vile vijiufa na kubaki hapo. Mvua haizioshi, sabuni haizitoi kirahisi, na vumbi la barabara ya changarawe halinati. Cerakote inakuja na vitambaa vidogo vilivyokwisha lowekwa dawa, unachana pakti unapaka, wenyewe wanaahidi itavuka miosho 200. Kwa gari linalolala nje bila kivuli Tabata au Mbagala mimi ile ahadi naikata nusu, na hata ukiikata nusu bado hakuna dawa ya kufuta hapa chini ya kuikaribia. Marekani inacheza dola 15 mpaka 20, juu yake weka usafiri na ushuru, kwaio ikifika kwako sio hela ya kuchezea, ila ukishapaka mwaka huu husumbuki tena.

Shida yake ni moja, haisamehi uvivu. Ukipaka juu ya uchafu umeufungia uchafu ndani. Kazi yote ipo kwenye kuosha, na kuosha ninakosema sio kule kupuliziwa maji ya presha dakika mbili, chukua brashi ngumu kidogo, hata mswaki wa zamani, sabuni ya kuondoa mafuta (ya vyombo inafaa), sugua kwenye zile chembechembe za plastiki (ule ukwaru wake wa kiwandani) mpaka povu litoke jeupe, suuza, rudia. Alafu acha likauke kweli, maji yanajificha kwenye chembechembe na kwenye maungio, kesho yake ndo upake. Futa na spiriti kabla ya kupaka. Bandika maskintepu pembeni kwenye rangi ya gari, usione uvivu wa tepu, seramiki ikikaukia kwenye rangi nyeupe utaitoa kwa polishi na jasho. Paka kivulini asubuhi plastiki ikiwa ya baridi, kipande kwa kipande, ukimaliza kimoja kitazame kwa pembeni kama kuna michirizi kisawazishe hapohapo kabla hakijashika. Vaa glavu. Siku hiyo gari lisiguse maji, na ndo maana kipindi cha masika hii kazi subirisha tu.

NAMBA MBILI: dawa yenye rangi ndani yake

Kuna plastiki zimefika mahali hata seramiki ukipaka unapata kijivu kilichokolea, sio weusi. Hapo ndo inapoingia Solution Finish, hii ina rangi nyeusi yenyewe inayoingia kwenye vijiufa. Kichupa ni kidogo mpaka unajiuliza kama umeibiwa, ila unatumia matone machache kwenye kisponji, unasugua mpaka inywewe, unafuta ya juu iliyozidi. Kichupa kimoja kinamaliza gari na kubaki.

Kwa weusi wa siku ya kwanza hii inaipiga hata namba moja. Nimeishusha kwa sababu haikai muda mrefu kama seramiki na haijengi ngozi ngumu, na juu yake usikimbilie kupaka seramiki, inaweza isishike vizuri. Inachafua vidole na mawe ya veranda pia, tandika gazeti. Mwenye gari lililopauka vibaya anayetaka kuliuza mwezi huu, mimi namwambia achukue hii na asiangalie nyingine.

NAMBA TATU: kupuliza rangi

Hii ndo mafundi wengi wa gereji watakwambia ukiuliza, na inaweza kuwa jibu zuri sana au takataka kabisa, inategemea fundi. Polipropilini haipendi kushikwa na rangi. Ukipuliza juu kwa juu inapendeza wiki chache alafu inaanza kubanduka vipande vipande, na bampa linalobanduka ni baya kuliko lililopauka. Inatakiwa msasa laini, usafi, praima ya plastiki, ndo rangi. Na rangi iwe ile maalum ya plastiki za nje isiyong'aa, mfano SEM Trim Black, sio kopo lolote jeusi alilobakiza kwenye kazi ya geti. Mwambie mapema hutaki ing'ae, usipomwambia utapewa bampa la kung'aa na zile chembechembe za kiwandani zimefukiwa.

Alafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi, kama gari limepakwa dawa ya tairi miaka na miaka, silikoni imeshajificha kwenye plastiki, ukipuliza rangi inakimbia na kuacha vishimo vidogo vya duara. Lazima ioshwe na dawa ya kuondoa silikoni kwanza. Fundi asiyekuuliza umekuwa ukipaka nini humo, mtafute mwingine.

Wapi inafaa? Bampa lenye mikwaruzo mirefu. Hamna dawa ya kufuta inayoziba mkwaruzo. Ila kwa kipande kidogo kama tako la saiti mira au tao moja la fenda, kabla hujalipia rangi ulizia kwanza kwa wauza spea za mtumba, mara nyingine kipande kizima kinakuja kwa bei ya kupuliza. Kikague juani lakini, kisije kikawa kimepauka kuliko chako.

NAMBA NNE: kinga ya UV ya kupuliza na kufuta

303 Aerospace Protectant ndo maarufu. Ni ya maji, haina mafuta mazito, haiachi mng'ao wa kuteleza. Kwa plastiki iliyokufa haisaidii kitu na ndo maana ipo huku chini, ila kwa aliyetoa gari bandarini juzi na plastiki bado nyeusi hii kwake ni namba moja, nunua leo. Wenyewe wanasema urudie kila siku 30 hadi 45, na kwa jua letu shika ile 30. Ni kazi ya robo saa. Inafaa pia kwenye dashibodi na mipira ya milango, kwaio chupa haikai bure.

NAMBA TANO: silikoni na dawa za tairi

Hizi ndo wanazopaka vijana wa kuosha magari, ukimpa buku anakupakia bampa na tairi kwa kitambaa kilekile. Gari linatoka linawaka. Mvua ya kwanza ikipiga, mafuta yanashuka na kuacha michirizi myeusi kwenye mlango mweupe, na kama hamna mvua vumbi linanata, baada ya siku tatu una tope la kahawia kwenye kila chembe. Haiui plastiki kama watu wanavyotishana, ila hailindi kivile na inakuharibia kazi ya baadae ukitaka seramiki au rangi. Kwa harusi ya jumamosi, sawa. Ukilazimika chagua ya maji, ile nyeupe kama maziwa, achana na ile angavu ya mafuta.

ZA KUTUPA

Oili chafu na dizeli. Najua zinafanya peusi, nimeshaeleza kwa nini. Zinanuka, zinakamata mchanga, na zikigusa mpira wa mlango zinaulainisha na kuuvimbisha. Kiwi ya viatu inahamia kwenye suruali ya kila anayepita kati ya magari. Siagi ya karanga, ambayo video zake zinazunguka sana, ni mafuta ya karanga yenye gharama, na itakuletea sisimizi. WD-40 ni kitu kizuri kwa boliti zilizoshika kutu, kwenye plastiki ni kiyeyushi chepesi na mafuta kidogo, wiki haiishi.

Moto nao una mashabiki wake, ile mashine ya hewa ya moto wanayotumia mafundi tinti. Kweli ukiipitisha kijivu kinageuka cheusi mbele ya macho yako, ngozi ya juu inalainika na vijiufa vinafunga. Ila polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na ile mashine inapita 500, ukikaa sekunde mbili tatu zaidi sehemu moja chembechembe zinafutika na kubaki doa linalong'aa ambalo halitoki milele, au kipande kinapinda kisirudi kwenye klipu zake. Jua likiendelea kupiga kinapauka tena, na kila ukirudia plastiki inazidi kuchoka.

Wakati wa kununua geuza chupa usome nyuma. Kama hamna maelezo ya kusubiri ikauke masaa kadhaa au isiguse maji siku nzima, hio sio seramiki hata kama mbele wameandika ceramic kwa herufi za dhahabu, seramiki ya kweli lazima ikutake subira. Itikise, ikiwa nzito na inateleza kama losheni ni silikoni. Zile za majina makubwa zinafojiwa sana, kopi zipo mpaka na stika inayometameta, kwaio bei ikiwa nusu ya ile ya kwao kabla hata ya usafiri, usijifanye umepata zali.

Na usinunue nyingi. Chupa ya seramiki ikishafunguliwa inaanza kuganda yenyewe kwa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani unaijua, ukiiweka kabatini utakuta kokoto. Tafuta jirani wawili wenye magari yaliyopauka, changishaneni, osheni ijumaa jioni, jumamosi asubuhi mpake yote na chupa iishe siku hiyohiyo.