Mtori wa mama lishe, Mbuyuni, Moshi

Vibanda vya chipsi vimejaa Moshi mjini, lakini kwa mwenye hela kidogo, bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwa mama lishe karibu na soko la Mbuyuni bado ndilo linaloshibisha. Mtori mzuri ni wa ndizi mshare mbichi, zikachemshwa na mifupa yenye nyama hadi zilainike, kisha zikapondwa kwa mwiko. Chota kijiko, kiinamishe: mtori ukiteremka mzito, taratibu, kaa ule. Ukiona maji yamejitenga juu, ujue umeongezwa maji ili utoshe wateja wa mchana, wahi asubuhi. Ndizi zilizoanza kuiva huutia utamu usiotakiwa. Pilipili omba pembeni. Chipsi? Tazama mafuta kwanza. Yakiwa meusi na yanatoa povu, pita.