Dwight Frye kwenye Dracula ya 1931: stelingi ni mwingine ila muvi kaibeba huyu

Nianze na kicheko, maana bila kile kicheko nisingekaa kuandika hata mstari mmoja. Meli imefika bandarini Whitby, Uingereza, mabaharia wote wamekufa, nahodha kafungwa kwenye usukani na tunachooneshwa ni kivuli chake tu. Watu wa bandari wamepanda juu wanaulizana kimetokea nini, mara inasikika sauti huko chini kwenye ngama, tumboni mwa meli. Wanafungua mfuniko. Kamera inachungulia kutoka juu, na chini pale kwenye ngazi kuna kijana uso mweupe pee, macho yamemtoka, anawatazama huku anacheka hee hee hee, kile kicheko cha puani, meno yamebana, mdomo haufunguki vizuri, na ukimwangalia vizuri unaona wala hana furaha yoyote yani ni kama kuna mtu mwingine anacheka kwa kutumia koo lake.

Huyo ndo Dwight Frye. Anacheza Renfield. Ukiuliza watu kuhusu Dracula ya 1931 kila mtu atakutajia Bela Lugosi, anayemcheza Dracula mwenyewe, yule mfu anayenyonya watu damu, na lile joho lake, sawa, Lugosi simvunjii heshima, ila mi nasema aliyenikosesha usingizi ni huyu wa kwenye ngama.

Nilivyoipata sasa. Kuna kijana mtaani anajaza muvi kwenye flashi, unamwambia unataka nini anakutafutia, nikamwambia niwekee zile za zamani za kutisha, za nyeusi na nyeupe. Kaniwekea kumi. Dracula aliyonipa sauti inakwaruza kama chapati inakaangwa, sabutaito hamna, na dakika za mwisho picha inatangulia sauti inafuata nyuma kama mwangwi. Hela yangu nilishalipa ningefanyaje. Baadaye nikaja kutafuta kopi safi nikaiangalia tena mara mbili, ila ile mara ya kwanza na ile kopi mbovu ndo ilinifumbua macho, kwa sababu maneno nilikuwa siyasikii vizuri na kila muigizaji akawa amebaki na uso wake na mwili wake tu. Wengi wakapotea. Frye hakupotea.

Na sikuwa peke yangu. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani, kaja kliniki ya macho, kakaa na sisi wiki nzima. Shangazi Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, na muvi za kizungu huwa anaziita mambo ya watu wanaokimbizana. Akakaa pembeni anachambua mchele. Alivyosikia kile kicheko akaacha ungo.

"We mwanangu, huyo kafanywa nini?"

Nikamwambia, shangazi, huyo kawa chizi.

"Chizi wapi! Huyo si chizi, huyo kiti. Mwenyewe yumo humo kwenye sanduku."

Aisee. Mi nimesoma watu wanaandika kuhusu hii muvi miaka na miaka sijaona aliyeieleza hivyo. Kwetu pwani anayepandwa na pepo anaitwa kiti, pepo kamkalia, anayeongea si yeye. Na ni kweli kwenye ile meli Dracula yumo kwenye sanduku lake, Renfield ndo kamsafirisha, jua likizama anamwendea anamwambia bwana wake jua limeshazama. Shangazi hajasikia neno hata moja ila kaelewa kila kitu kwa uso wa yule kijana. Sasa niambieni huo uigizaji tunauitaje.

Tuanze mwanzo lakini, maana uzuri wa Frye unauona ukijua alikotoka. Muvi inaanza Renfield akiwa mtu mzima wa akili zake, kavaa suti yake safi, yuko safarini Transylvania kupeleka mkataba wa jumba la Carfax Abbey ili mteja, ndo Dracula mwenyewe, asaini. Kwa lugha yetu ni dalali. Wanakijiji wanamsihi asiende usiku, mama mmoja anamvalisha msalaba anamwambia kwa ajili ya mama yako, yeye anatabasamu kile kitabasamu cha mtu anayeona hawa washamba wananichelewesha. Dalali akishanusa kamisheni unamzuia na nini? (Waliosoma kitabu cha Bram Stoker watasema anayekwenda kule ni Harker, kijana mwingine wa kwenye hadithi, ni kweli, muvi imebadilisha, na mi naona ni uamuzi bora kuliko yote waliyofanya kwa sababu umempa Frye nafasi ya kuwa mtu kabla hajawa kiti.)

Angalia pale ngazini kwenye ngome. Kuna utando wa buibui mkubwa umeziba ngazi nzima. Dracula anapita, utando upo vile vile haujaguswa. Renfield anasimama, anaangalia, anaukata kwa fimbo yake. Hapo usoni kwa Frye kuna kitu kidogo sana, anashangaa halafu anajizuia asishangae kwa sababu ni mgeni na mgeni mwenye adabu haulizi maswali. Baadaye anajichoma kidole na klipu ya karatasi, damu inatoka kidogo, Dracula anamsogelea, msalaba unaning'inia Dracula anarudi nyuma kajikinga uso, na Renfield wala, anasema ni mkwaruzo tu. Nilitamani niingie kwenye skrini nimvute shati.

Kisha anazimia, wanawake watatu weupe, wake wa Dracula, wanakuja, Dracula anawafukuza kwa ishara ya mkono anamwinamia mwenyewe amnyonye damu. Tukija kumwona tena ni kwenye meli, na nakuhakikishia kama hujui kuwa ni muigizaji yule yule unaweza kudhani wamebadilisha mtu. Nywele zile zile, ila mgongo umepinda, shingo imetangulia mbele, mikono haijui ikae wapi. Hakuna mekapu ya kutisha pale, hakuna meno ya bandia. Lugosi mpiga picha Karl Freund alimsaidia, yale macho yake yanayong'aa ni taa ndogo zimeelekezwa pale pale machoni. Frye mi simwoni taa yoyote ya kumbeba, kajitolea mwenyewe.

Halafu hospitali ya vichaa ya Dokta Seward. Hapa kuna ucheshi kidogo, mlinzi wake anaitwa Martin kamkamata anakula wadudu anamnyang'anya, wanabishana, na Renfield anamwambia nani anataka nzi wakati anaweza kupata buibui walionona. Anavyolitamka hilo, kwa utamu, kama mtu anayeongelea pweza wa nazi! Shangazi nilimtafsiria akasonya akasema mla buibui huyo tumbo litamkata. Ila akacheka.

Sasa pale penyewe. Kama una haraka na muvi nzima ya dakika 75 ni nyingi kwako (hahaha) basi tafuta kile kipande cha panya. Renfield kasimama chumbani na kina Van Helsing (profesa anayemwinda Dracula), Seward na Harker, anawasimulia Dracula alivyomjia dirishani. Ukungu mwekundu umetanda kwenye majani, Dracula kaupasua, nyuma yake panya maelfu macho yanawaka kama yake ila madogo, kisha akainua mkono wote wakasimama, akamwahidi hao wote na damu yao nitakupa ukinitii. Hayo yote hatuoneshwi. Hamna panya hata mmoja pale, hamna ukungu. Ni uso wa Frye tu na sauti yake inayoanza chini kama mtu anayekuibia siri halafu inapanda kidogo kidogo anavyotaja panya, panya, panya, na macho yake yanaangalia juu ya mabega ya wale wazee kama vile bado anawaona. Siku hizi wangetengeneza panya laki tano kwa kompyuta na usingekumbuka hata mmoja. Mi wa Frye nimewaona wote.

Na muziki haupo, hilo nalo mjue. Ukitoa kipande cha Swan Lake, ule muziki wa Tchaikovsky, mwanzoni na kile wanachopiga pale wako ukumbini, nyuma ya maongezi ni kimya tu, sinema za sauti zilikuwa bado changa. Watu wengi wanalalamika kwamba inachosha na kiukweli nusu ya pili inachosha, watu wanakaa sebuleni wanaongea, unaona kabisa imetokana na mchezo wa jukwaani, David Manners anayecheza Harker yuko yuko tu kama mgeni aliyekuja kwenye harusi hajui upande wa bwana wala wa bibi. Popo wao (Dracula anageuka popo) ni mdoli na hawafichi. Na kuna pale mtumishi wa kike kazimia sakafuni, Renfield anamwendea anatambaa kwa mikono na magoti, anatabasamu, ngozi yako inasisimka, halafu kamera inakata! Basi! Tumeshahamia kwingine. Nilikasirika sana.

Ila kimya hicho hicho ndo kinachokibeba kicheko chake. Hakuna fidla ya kukuandaa. Kinakuja kama jirani aliyeingia bila hodi.

Kitu kingine ambacho nadhani watu hawamsifii vya kutosha ni huruma. Mashetani wote wa muvi wanapiga kelele, sawa, ila huyu kuna nyakati pepo anamwachia kwa dakika moja na unamwona yule dalali wa mwanzo amerudi, kachoka, anaona aibu. Anamwomba daktari amhamishe pale ampeleke mbali, eti kelele zake za usiku zinaweza kumsumbua Mina, binti wa Dokta Seward. Anamjali binti wa watu na hapo hapo anajua kuna mtu nje anamsikiliza. Na mwisho kule Carfax, ngazini, bwana wake kaona kasalitiwa, Renfield anaanguka chini anamwomba amwadhibu, amtese, ila asimuue, hawezi kufa na damu ya watu wote wale mikononi mwake. Haogopi kufa tu, anaogopa atakwenda na nini. Dracula anamkaba anamtupa, anabiringika ngazi ile ndefu hadi chini. Shangazi alisema maskini kijana wa watu, kwa sauti ya msibani kabisa.

Nikaenda mbali nikaangalia na ile ya Kihispania, maana kampuni ya Universal walipiga mbili, mchana Waingereza na Wamarekani wanapiga yao, usiku wanaingia wengine kwenye seti zile zile wanapiga kwa Kihispania. Watu wengi wanasema ya Kihispania imepigwa vizuri zaidi, na mi nakubali, kamera inatembea. Lakini Renfield wao, Pablo Álvarez Rubio, anapiga makelele mno, anacheka kama anataka hadi walioko nje ya ukumbi wamsikie. Frye kicheko kakibana, na kilichobanwa ndo kinatisha.

Sasa mbona hajulikani? Mi nadhani alilipwa ubaya kwa wema wa kazi yake. Jamaa kazaliwa 1899 Salina, Kansas, miaka ya 1920 alikuwa jukwaani Broadway anacheza vichekesho na vya huzuni, mtu wa kila kitu. Ikaja Dracula, mwaka huo huo wa 1931 akacheza Fritz kwenye Frankenstein, muvi nyingine ya kutisha, yule msaidizi mwenye kibyongo (mnaomwita Igor, hapana, pale anaitwa Fritz, na mwangalieni anavyosimama ngazini kuvuta soksi yake juu, kakitu kadogo hivyo kanamfanya awe mtu). Basi Hollywood wakamfungia humo humo. Chizi, mtumwa wa chizi, mwizi wa maiti, mtu wa kijijini anayekufa mapema, na kadri miaka inavyokwenda anapewa vijisehemu ambavyo jina lake hata haliandikwi. Miaka ya vita usiku alikuwa anafanya kazi kiwanda cha ndege, anachora vifaa. Mwaka 1943 akapata bahati hatimaye, sehemu ya maana, waziri wa vita kwenye muvi ya maisha ya rais Wilson wa Marekani, na kabla hawajaanza akaanguka kwa moyo ndani ya basi Los Angeles, miaka 44. Kwenye cheti cha kifo hawakuandika muigizaji, waliandika msanifu wa vifaa.

Maksi zangu: muvi yenyewe naipa 6 kati ya 10, Lugosi 8, Frye 10 na nikiwa na 11 nampa. Tafuteni kopi safi, msinunue ya kukwaruza kama mimi, angalieni usiku na taa mzime.

Kesho yake asubuhi tunakunywa chai, nzi katua kwenye ukingo wa kikombe cha shangazi. Kamfukuza, kanitazama, tukacheka wote. Akaniuliza yule kijana alipata muvi nyingine? Nikamsimulia kama nilivyowasimulia hapa, mambo ya kiwanda na basi. Akasema innalillahi. Akamaliza chai yake, akafuta mikono kwenye khanga.

"Haya, niwekee tena pale kwenye meli."