Detekta ya metali ya kununua ukiwa Tanga: anza na udongo

Siku niliponunua detekta yangu ya kwanza, muuzaji aliweka sarafu ya shilingi mia mbili mezani, akapitisha sahani, yaani ile duara ya chini inayohisi metali, juu yake, mashine ikalia, nikalipa. Wiki iliyofuata nilikuwa Kilindi kwenye udongo mwekundu. Ililia hatua ya kwanza, ikalia ya pili, ikalia hadi betri zikaisha. Nilichimba mashimo kumi na moja bila kupata hata msumari. Kilichokuwa kikiliza mashine ni udongo wenyewe.

Tangu hapo, kijana akiniuliza anunue ipi, nami humuuliza anakwenda kuitumia wapi. Udongo mwekundu wa Handeni na Kilindi una madini mengi ya chuma, na detekta huyahisi. Mchanga mbichi wa Ras Kasone una shida nyingine: maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine huyapokea kama metali. Iliyotulia ufukweni inaweza kukutesa bara. Kabla ya kuuliza inashuka futi ngapi, uliza inasawazishwaje na ardhi, yaani inafundishwaje kuupuuza udongo wenyewe.

1. Minelab Equinox 800. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetembea pwani na bara. Hutuma mawimbi ya masafa kadhaa kwa pamoja, ina mpangilio wa ufukweni na wa dhahabu, na unaweza kuiweka kwenye masafa ya kilohezi 20 au 40 peke yake kwa punje ndogo za dhahabu. Huingia majini hadi mita 3. Usiuziwe Equinox 600 kwa bei ya 800: kwa sura ni mapacha, ila 600 haina mpangilio wa dhahabu.

Kuisawazisha kunataka subira. Tafuta mahali pasipo na chuma, shikilia kitufe cha kusawazisha, kisha pandisha na kushusha sahani polepole, kutoka usawa wa goti hadi karibu iguse ardhi, mpaka sauti ififie. Rangi ya udongo ikibadilika, rudia. Ikiendelea kupiga kelele, punguza ukali wake wa kuhisi hatua mbili tatu na upunguze mwendo wa mkono. Wengi hupandisha ukali wakitamani kina, na hapo ndipo mlio mwembamba wa dhahabu humezwa na kelele za ardhi. Nimeona watu wakipita juu ya punje kwa namna hiyo, inauma.

2. Minelab Gold Monster 1000. Kwa mwenye safari moja tu, ya dhahabu. Hutumia kilohezi 45, masafa ya juu yanayoshika punje ndogo, na hujisawazisha yenyewe. Pwani usiipeleke.

3. Nokta Makro Simplex+. Bei yake ni chini ya nusu ya Equinox 800, nayo huingia majini mita 3. Kwa kilohezi 12 inafaa pete, cheni na sarafu. Dhahabu ya chembechembe itaipita.

4. Minelab GPX 5000. Kwenye udongo mwekundu hii huzishinda zote. Hupiga mapigo ya umeme, kisha husikiliza kinachorudi baada ya pigo kukatika, kwa hiyo madini ya ardhini hayaisumbui sana. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa kuwa haitofautishi vizuri msumari na dhahabu. Kila mlio ni jembe. Kikundi chenye leseni na mtaji kiiweke ya kwanza.

5. Garrett ACE 250. Kilohezi 6.5, haina njia ya kuisawazisha na udongo. Mchanga mkavu, basi.

Yoyote utakayonunua, usiiwashe kwenye magofu ya Tongoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba bila kibali ni kosa. Na kwa kuwa Waingereza na Wajerumani walipigana hapa mjini Novemba 1914, ukifukua chuma chenye umbo la kombora usikiguse, waite polisi.

Sasa kajaribu kabla ya kulipa. Beba udongo mwekundu kwenye ndoo ya plastiki, na uvue mkono wake wa waya, maana huo utaliza mashine kabla ya kitu kingine chochote. Sawazisha mashine juu ya udongo huo. Kisha fukia chubwi dogo la mshipi, kina cha vidole vinne; risasi hujibu karibu kama dhahabu. Weka simu mbali, pitisha sahani kwenda na kurudi. Mlio ukisikika kila inapopita juu ya chubwi, na udongo uliobaki ukanyamaza, mlipe muuzaji.