Darasa la logilaini Njiro: elfu 35, siku nzima, sentensi moja

Jumamosi iliyopita nilipanda kosta ya saa 11 alfajiri kutoka Moshi kwenda Arusha, nikakae siku nzima darasani pale Njiro kujifunza kuandika sentensi moja. Elfu 35, chakula ndani (wali maharage na mchicha, chai mara mbili). Naandika hii kwa sababu kabla ya kulipa nilitafuta maoni ya mtu aliyewahi kwenda nikakosa hata mmoja, na najua tupo wengi huku kaskazini tunaoandika skripti za filamu usiku baada ya kazi bila mtu wa kumuuliza.

Logilaini kwa asiyejua ni ile sentensi moja, zikizidi sana mbili, anayosoma prodyuza kabla hajafungua skripti yako. Hadithi ya nani, kimemtokea nini, sasa anataka nini, nani anamzuia, akishindwa anapoteza nini, basi. Madam aliyekuwa anafundisha alisema jina limetoka kwenye studio za Hollywood za zamani, skripti zilikuwa zinaingia nyingi hadi kila moja inaandikiwa mstari wake kwenye daftari (log ni daftari, line ni mstari). Usichanganye na sinopsisi, yaani muhtasari wa hadithi nzima, ile inasema mpaka mwisho, logilaini mwisho hausemi. Na taglaini ni yale maneno matamu ya kwenye posta, hayaelezi hadithi, ila nusu ya darasa ndo kitu tulichokuwa tumekuja nacho.

Mfano wake wa kwanza ulikuwa Jaws, ile ya Steven Spielberg ya 1975. Ukisema papa anaua watu kisiwani umetaja tukio tu, hadithi bado. Sasa weka mkuu wa polisi anayeogopa maji, weka na meya asiyetaka fukwe zifungwe kwa sababu msimu wa watalii umefika, hapo hata mtu wa Arusha ambaye hajawahi kuiona bahari anaelewa maana sisi tunajua msimu ni nini, mji mzima unausubiri. Madam akasema angalieni alivyochaguliwa huyo mtu, kati ya watu wote wa kisiwa kachukuliwa yule ambaye kwake kuingia majini ni adhabu. Hilo nimeliandika nikalipigia mistari miwili.

Afu akatupa Hatari!, ile ya John Wayne ya 1962 iliyopigwa huku huku kwetu, Momella chini ya mlima Meru. Tulihangaika nayo karibu nusu saa jamani. Wanakamata wanyama wa kupeleka zuu msimu mzima, sawa, ila ukitafuta kitu kimoja kinachomsukuma mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho hukioni vizuri. Na watu waliipenda! Kwa hiyo madam hakutudanganya kwamba bila logilaini kali hakuna filamu, alisema tu kwamba sisi tusio na staa mkubwa wa kuuza jina hiyo sentensi ndo inayotufungulia mlango. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Sasa ya kwangu. Nilienda na hii: "Filamu inahusu kijana anayeitwa Eliakimu anayepitia changamoto za maisha, mapenzi na usaliti hadi anapotambua thamani ya familia." Madam akaisoma kwa sauti, akaniuliza taratibu, kaka, nikifumba macho hapa naona nini? Sikuwa na jibu. Changamoto haina sura. Na jina Eliakimu halimwambii kitu mtu asiyemjua, bora utaje kazi yake na kitu kimoja kinachomtofautisha na wenzake wa kazi hiyo. Nikaandika ya pili: mpagazi wa Kilimanjaro anatafuta hela ya kumtibu mama yake. Akasema sasa namuona mtu, ila hela ya matibabu kila mtu anaitafuta, nani yupo njiani kwake, na kwanini wiki hii na sio mwakani?

Hapo ndo akaingilia kaka mmoja aliyekaa nyuma, kabeba mizigo mlimani miaka nane, mgumu wa kweli kama wanavyojiita wenyewe. Akaniuliza mwisho wa filamu yako uko wapi. Nikamwambia Uhuru, mita 5,895, mpagazi amesimama kileleni jua linachomoza. Akasema ndugu yangu, kawaida sisi kule hatufiki na mgeni, anayepanda nae ule usiku wa kwenda kileleni ni waongozaji, wapagazi tunabaki kambini. Kurasa 94 nilizoandika zote zilikuwa zinakimbilia mahali ambapo mtu wangu hana sababu ya kufika, na nisingelijua hilo kama sentensi isingenilazimisha kusema anaenda wapi na kwanini.

Tulikaa nae wakati wa chakula akanieleza mizigo inavyopimwa kwenye mizani pale geti la kuingilia mlimani, kilo 20 kwa mpagazi, na baridi ya kambi ya Barafu kule juu usiku ukiwa na jaketi la kuazima. Mchana nikasoma hii: "Mpagazi aliyeacha mlima baada ya rafiki yake kumfia mikononi kwa baridi anagundua mdogo wake wa miaka 17 ameiba kitambulisho chake na kuingia mlimani, sasa ana siku tatu za kumfikia kabla msafara haujafika kambi ya Barafu." Maneno 35. Darasa lilinyamaza, yule kaka wa nyuma akasema tu, hiyo naenda kuiangalia. Nimelala nayo hiyo kauli wiki nzima.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu wanaweza kuzirekebisha. Tuliambiwa saa 3, tukaanza saa 5 kasoro, sasa mtu ametoka Moshi, mwingine Karatu, huo sio utu. Watu 31 kwa mwalimu mmoja ni wengi mno, jioni kama kumi hivi waliondoka logilaini zao hazijasomwa kabisa na hela walitoa sawa na sisi, mimi ningekuwa mmoja wao hii nyota ya nne ninayowapa isingekuwepo. Na karatasi zote walizogawa ni za kiingereza. Zinasema maneno 25 hadi 35, lakini kwetu "analazimika" ni neno moja na ndani yake tayari kuna mtu na wakati, kwa hiyo kiswahili kinabeba mzigo mkubwa kwa maneno machache, hilo lilistahili somo lake. Na ile "a" yetu haisemi ni mwanamke au mwanaume. Dada mmoja wa Ngaramtoni alisoma yake ya dereva wa bajaji anayesafirisha ushahidi wa mauaji bila kujua, wote tukaona mwanaume, yeye alikuwa anamuwaza mwanamke. Mwishowe akaandika "dereva wa bajaji mjamzito" na ikawa bora mara tatu, maana ujauzito umesema ni nani na umeongeza cha kupoteza hapo hapo.

Kama skripti yako bado ni wazo la kichwani unaweza kwenda, ila utafaidi zaidi ukiwa na hata rasimu moja iliyokamilika. Nawapa nyota nne. Mimi zile kurasa zangu 94 nyingi nimeziweka pembeni, nimebaki na kama 20 za mwanzo ambazo ni za nyumbani Kiborloni kwa mama wa mpagazi na mdogo wake, na yule kaka wa nyuma kanipa namba yake, Jumapili tunakutana stendi ya Moshi anisomee mazungumzo ya getini aniambie wapi watu hawaongei hivyo.